Kitatange Hali Ugali

Katika ubishi huu wa kufuga samaki wa baharini majumbani kuna neno moja linalotumiwa kama kibali cha kila kitu: mtaalamu. Ukisema samaki fulani hufa baada ya wiki chache akitiwa kwenye tangi la vioo, utajibiwa, "Huyo si wa wanaoanza, ni wa wataalamu." Basi, maneno yamekwisha. Duka linaendelea kumuuza, ndege inaendelea kumbeba, na anayemnunua anajipa cheo cha utaalamu siku ile ile anapolipa.

Mimi nasema hakuna utaalamu wa kumfanya samaki aishi kwa chakula asichokula.

Chukua kitatange. Jamii yake ni kubwa, na wengine hawana makuu, watakula unachowapa. Lakini wako ambao chakula chao ni kimoja tu: nyama laini ya matumbawe yaliyo hai. Domo lao dogo limeumbwa kwa kudonoa hapo na si kwingine. Mweke huyo kwenye tangi la bei ya gari, umtilie kamba waliosagwa, umtilie mwani, umbembeleze kama mtoto mgonjwa. Atavizunguka tu, mrembo kweli kweli, huku akikonda siku baada ya siku. Ukitaka aishi itabidi umlishe matumbawe hai kila siku, yaani ubomoe mwamba ili umtunze mkaazi wake. Kuna watu wenye pesa ya kufanya hivyo. Hilo haliwafanyi kuwa watunzaji.

Halafu kuna yule msafishaji, samaki mwembamba kama kidole, mwenye mstari mweusi ubavuni. Huvuliwa Pwani yetu hapa Kenya na kusafirishwa ng'ambo akiwa hai. Baharini ana kituo chake kama kinyozi wa sokoni: samaki wakubwa wanakuja wenyewe, wanasimama, wanafungua midomo na mashavu, naye anaingia kuwatoa chawa. Mtafiti Alexandra Grutter aliwafuatilia huko Great Barrier Reef, Australia, akakuta kwamba mmoja hula vimelea wapatao 1,200 kwa siku, na hukagua samaki zaidi ya mara 2,000 kutwa. Sasa mfungie sebuleni na wateja watano. Chawa wao atawamaliza kabla ya chai ya saa nne. Kesho atakula nini? Baadhi hujifunza kula chakula cha duka, ni kweli, na hao ndio wanaopigwa picha. Wengi hukondeana hadi kufa.

Na kule alikotolewa pengo linabaki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kutoka Lizard Island, huko huko Australia, ulilinganisha miamba yenye wasafishaji na ile iliyokaa bila wao kwa miaka minane na nusu. Isiyo nao ilikuwa na samaki wakaazi pungufu kwa asilimia 37, na aina pungufu kwa asilimia 23. Kwa hiyo anayenunua kisamaki kimoja cha kuchezesha macho amenunua pia afya ya majirani zake wote, na hakuilipia.

Wanaotetea ufugaji huu wana hoja ya kwanza, nayo si ya kijinga: bila kujaribu hatungejua lolote. Yule samaki wa rangi ya machungwa na mistari meupe, ambaye sinema ya Nemo ya mwaka 2003 ilimfanya maarufu, leo huzalishwa kwenye matangi. Mwaka 2015 watafiti wa Hawaii walifanikiwa kuzalisha kangaja wa manjano, kazi ambayo ilikuwa imewashinda watu kwa miaka mingi. Sawa. Lakini tazama aliyefanya kazi hiyo: taasisi yenye maabara, iliyokuwa ikifuga hata vile viumbe vidogo mno ambavyo watoto wa kangaja huvila. Jamaa anayenunua samaki wa nne kwa sababu watatu wa kwanza wamekufa hafanyi utafiti. Hakuandika kilichowaua. Aliwatupa chooni akapiga simu dukani.

Hoja ya pili ndiyo ninayoiheshimu. Biashara hii iko Kenya tangu miaka ya 1970, na kuna wapiga mbizi wa Pwani wanaolisha watoto kwayo. Wanatumia nyavu ndogo, samaki mmoja mmoja, si sumu ya sianidi kama ilivyotumika sana Ufilipino. Ni kazi ya ustadi. Sitaki mtu wa bara kama mimi, anayekula matoke yake kwa starehe, aende kumwambia mvuvi wa Shimoni aache riziki.

Ila tuulizane: samaki mgumu anamfaa nani? Mpiga mbizi analipwa kwa samaki aliyemtoa majini. Akifa ng'ambo baada ya mwezi, yeye haongezewi wala hapunguziwi. Anayefaidi ni mwuzaji wa mwisho, kwa sababu samaki anayekufa huleta mteja tena. Kwenye biashara nyingine bidhaa mbovu humrudia aliyeiuza. Huku mteja anaambiwa hajawa mtaalamu bado. Na mwamba ukimalizwa, anayebaki na maji matupu ni huyo huyo wa Pwani. Wazee wa Kuruwitu, kule Kilifi, waliliona hilo mapema. Mwaka 2003 waliunda chama chao, na baadaye wakalitenga eneo la bahari lipumzike. Miongoni mwa mambo yaliyowasukuma ni ukusanyaji holela wa samaki na matumbawe kwa ajili ya matangi ya watu wa mbali. Hao hawakuwa wanaharakati wa Ulaya. Walikuwa wavuvi.

Utaniuliza, mtu wa Kanyakine, mamia ya kilomita kutoka baharini, haya yanamhusu nini? Yanamhusu kwa sababu tamaa hupanda mlima bila kupumzika. Mwezi jana kijana mmoja mwenye hoteli ndogo aliniambia, "Mzee, nataka tangi la samaki wa bahari, kama lile nililoona Nairobi. Wateja watajaa." Nilimpigia hesabu. Tangi la lita 400 linataka kama kilo 14 za chumvi ili maji yafanane na ya bahari, tena si chumvi ya jikoni. Kila mara unatoa maji kiasi na kutia mengine. Hita iwake, maana usiku wetu una baridi ya mlima. Pampu izunguke usiku na mchana, na stima ya huku unaijua. Ikipotea jioni ikarudi asubuhi, utakuta nini humo ndani?

Tena sisi tuna ushahidi wetu wenyewe. Serikali ilipoanza mpango wa kuchangamsha uchumi mwaka 2009, maeneo bunge 140 yalitengewa mabwawa 200 kila moja. Yalichimbwa hapa Imenti Kusini kati ya migomba na kahawa, na Kanyakine ikajengewa kiwanda kidogo cha kusindika samaki, kimoja kati ya vinne nchini. Samaki mwenyewe alikuwa tilapia. Tilapia, jamani! Anakula pumba, anavumilia maji ya tope, anazaana hata usipomwomba. Na bado, chakula kilipokuwa ghali na vifaranga vya bure vilipokwisha, mabwawa mangapi yaliachiwa vyura? Kiwanda kikakosa samaki wa kutosha. Kama huyo alitushinda, kitatange tutamwambia nini?

Kijana wangu wa hoteli anaweza kuweka samaki wa maji baridi waliozalishwa hapa hapa bara, na wateja wake watafurahi vile vile. Kwa wanaotoa leseni nina ombi dogo zaidi ya kufunga biashara nzima. Sheria ya uvuvi ya mwaka 2016 ipo, na vibali vya kusafirisha samaki hai vinapita mikononi mwao. Watoe orodha ya samaki wasiovuliwa kwa ajili ya matangi, na wapiga mbizi wabaki na wale wanaoweza kuishi wakifika. Si lazima iwe ndefu. Waanze na vitatange wala-matumbawe na yule msafishaji.