Michango ya msiba tunaiweza, vipimo je?

Jamani wadau, leo naomba tuambizane ukweli hata kama utauma.

Sisi tunaobeba boksi hapa Marekani tuna sifa moja: dada yetu akifariki, ndani ya siku chache maelfu ya dola yamepatikana ya kusafirisha mwili kwenda nyumbani. Sawa kabisa, huo ndio utu wetu. Lakini dada huyo huyo akiwa hai, nani anampigia simu kumuuliza, "Dada, umeshapima?"

Nazungumzia kansa ya titi na ya shingo ya kizazi. Najua jibu: "Sina bima, nitalipa na nini?" Nawaelewa. Mimi mwenyewe nikiwa sina bima niliuliza bei ya picha ya matiti kwenye hospitali moja, nikatajiwa hela inayozidi mshahara wangu wa wiki nzima. Pale mapokezi hakuna hata mmoja aliyeniambia kuwa kuna njia nyingine.

Njia ipo, tena ya siku nyingi. Mwaka 1990 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwapima wanawake wa kipato cha chini, na mpango wenyewe uko chini ya CDC. Upo katika majimbo yote 50. Kwa kawaida ni kwa wasio na bima, au wenye bima isiyotosha, ambao kipato chao hakizidi mara mbili na nusu ya kiwango cha umaskini cha serikali. Picha ya matiti ni kuanzia miaka 40 hadi 64, kipimo cha shingo ya kizazi miaka 21 hadi 64. Ni bure au unachangia kidogo. Majimbo mengi yameupa jina lao, ndiyo maana wengi hawaujui. Piga 1-800-232-4636 uulizie wa kwenu.

Wapo wanaosema cha bure ni cha majaribio. Hapana. Vipimo ni vile vile anavyopimwa mwenye bima, tofauti ni nani anayelipa. Wengine wanaona aibu. Omba upimwe na mwanamke, hakuna dhambi. Wengine wanasema, "Mbona siumwi?" Hapo ndipo penye hatari! Kansa ya shingo ya kizazi karibu yote inatokana na virusi vya HPV, na huchukua miaka mingi kukua bila dalili. Mabadiliko yakionekana mapema yanaondolewa kliniki kabla hayajawa kansa. Sisi tuliotoka Tanzania, ambako kansa hii ndiyo inayoongoza kwa wanawake, tusihitaji kukumbushwa.

Serikali nayo haikwepi lawama. Fedha za mpango ni chache, zinafikia sehemu ndogo tu ya wanaostahili. Halafu sheria ya mwaka 2000 iliyoruhusu majimbo kuwatibu kwa Medicaid wanaokutwa na kansa inawaacha nje wasio na makaratasi, na wengi wenye grini kadi hutakiwa kusubiri miaka 5. Kumwambia mtu ana kansa kisha kumfungia mlango wa matibabu si uungwana.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema basi heri usijue. Kansa haisubiri makaratasi. Ikijulikana mapema tiba ni nyepesi na gharama ni ndogo. Na hospitali zisizo za kibiashara zinatakiwa kisheria kuwa na utaratibu wa kuwasaidia wasio na uwezo. Omba fomu, usione haya.

Pendekezo langu: kila jumuiya yetu, kabla ya kufunga kikao, isome hiyo namba kwa sauti. Mwenye gari ajitolee kumpeleka mwenzake, asiye na shifti abaki na watoto. Na nyie akina kaka msikae pembeni, hao ni wake zenu, dada zenu na mama zenu.

Kuchangia matibabu ya mapema ni rahisi kuliko kuchangia jeneza.

Nawasilisha. Mdau, wewe unaonaje?