Aurudie ukurasa uleule
Mtaala wa KKK wa darasa la kwanza na la pili, ulioanza Tanzania Bara mwaka 2015, ulitanguliza kusoma, kuandika na kuhesabu, na ulifanya vyema. Lakini mtoto anayejua silabi zote bado hukwama: kidole chini ya neno, “wa-ta-ka-po-ku-ja”, akifika mwisho mwanzo umeshampotea. Hapo dawa si kitabu kipya. Mwalimu, au dada yake nyumbani, amsomee aya iliyomkwamisha kwa sauti, wasome pamoja, kisha amwachie airudie mwenyewe, leo na kesho, mpaka maneno yatiririke na sauti itue penye mkato na nukta. Akikosea, tumpe nafasi ajisahihishe. Na tafadhali, walimu wenzangu, tusimpime kwa saa huku darasa zima likimcheka.