Tiketi Iko Mfukoni, Gari la Kukodi ni la Nini?

Wasee, kuna ratiba moja ya PDF inazunguka tangu mwezi uliopita. Inauzwa shilingi elfu mbili na mia tano, ati "Berlin na Viunga Vyake kwa Siku Nne." Nimeisoma yote, ukurasa kwa ukurasa. Siku ya kwanza ni Lango la Brandenburg na picha. Siku ya pili, Potsdam kwa gari la kukodi na kiongozi, euro 95 kila kichwa. Siku ya tatu, maduka ya bei ya punguzo nje ya jiji, gari tena. Siku ya nne, "mapumziko." Katika kurasa kumi na moja neno treni halijaandikwa hata mara moja. Na hii ni Berlin tunayozungumzia, si Lodwar.

Nitasema wazi: huo ni unyonyaji, na unanyonya watu ambao tayari wamenyonywa. Hebu fikiria Mkenya amefika vipi huko. Ameomba viza ya Schengen, ambayo tangu Juni 2024 mtu mzima hulipa euro 90, na ukinyimwa pesa hairudi. Amelipa bima. Ametoa taarifa za benki za miezi kadhaa, barua ya mwajiri, barua ya mwenyeji, tiketi ya ndege. Ameanika maisha yake yote mezani kwa mtu asiyemjua. Akifanikiwa kupita hapo, anakutana na mkenya mwenzake anamwambia bila gari la euro 95 hawezi kufika mji ambao treni ya jiji inaenda kutwa nzima.

Nilikaa Berlin wiki tatu mwaka jana kwa dadangu, anayefanya kazi ya kuhudumia wazee. Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, kwa hivyo msinitarajie nilete nadharia za uchukuzi. Naleta nilichopanda.

Mambo yenyewe ni haya. Nauli za Berlin zimegawanywa kwa maeneo matatu: A ni katikati, B ni jiji lililobaki, C ni pembezoni, nje ya mpaka wa jiji. Potsdam iko C. Oranienburg iko C. Unanunua tiketi ya saa 24 ya ABC, haifiki hata euro 20, na hiyo inakupandisha treni za jiji, za chini ya ardhi, tramu, mabasi, hadi treni za mkoa zilizo ndani ya maeneo hayo. Yaani Potsdam unaweza kwenda na S7 ukitokea katikati, kama dakika arobaini, ama uchukue RE1 inayokimbia zaidi, tiketi ni ile ile. Ukishuka Potsdam unapanda basi 695 mpaka Sanssouci, bado ni tiketi ile ile. Bustani ni bure. Kasri la mfalme Friedrich wa Pili, lililojengwa kati ya 1745 na 1747, ndilo lina kiingilio, na Jumatatu hufungwa. Kwa hivyo usiende Jumatatu. Kaburi lake liko hapo juu kwenye matuta, na watu humwekea viazi, waru mbichi kabisa, kwa sababu ndiye aliwahimiza watu wake walime viazi. Hiyo ndiyo picha niliyopiga Sanssouci, na ilinipa maoni mengi kuliko ya kasri.

Sasa nieleze kiongozi wa euro 95 ameongeza nini hapo.

Najua jibu, maana nililiandikiwa kwenye inboksi: "Watu wetu hawajui kutumia hizo mashine." Hawajui? Mkenya aliyejifunza steji za Nairobi, ambazo hazina ramani, hazina saa, na nauli inapanda wingu likitokea tu? Mashine ya tiketi ya Berlin ina Kiingereza. Bei haibadiliki mvua ikinyesha. Kitu kimoja tu cha kumfundisha mgeni ni hiki: hakuna geti, hakuna makanga, hakuna mtu atakuuliza kitu ukipanda, na hapo ndipo watu hunaswa. Tiketi ya karatasi lazima uigonge muhuri kwenye kale kasanduku kwenye jukwaa kabla ya kupanda. Wakaguzi hupanda wakiwa wamevaa nguo za kawaida kama wewe, mlango ukifungwa ndio wanatoa vitambulisho. Bila muhuri, tiketi yako ni karatasi, na faini ni euro 60. Hiyo ni sentensi mbili. Ingetosha kwenye PDF yao, lakini wakiiandika biashara imekufa.

Dadangu ndiye alinikasirisha zaidi, na kosa si lake. Yeye ana Deutschlandticket. Hii tiketi ilianza Mei 2023 kwa euro 49 kwa mwezi, ikapanda 58 mwaka 2025, kisha 63 mwaka 2026. Inakupandisha usafiri wote wa jiji na treni za mkoa nchi nzima ya Ujerumani. Zile za kasi za masafa, ICE na IC, ndizo haziingii. Anakatwa hiyo pesa kila mwezi. Na kwa miaka miwili alikuwa ameitumia kutoka kitandani hadi kazini, kutoka kazini hadi kanisani, kutoka kanisani hadi dukani. Potsdam hajafika. Alikuwa akiweka pesa kando "siku moja tuende na kikundi," gari la kukodi, watu saba. Anaweka akiba ya kununua kitu alichokwisha kununua! Nilimwambia hivyo, akanyamaza, halafu akauliza kama tiketi inafanya kazi na Jumapili pia. Inafanya.

Lakini pesa si sehemu inayoniuma zaidi. Nauli ya gari ni hasara ya siku moja. Kinachoniuma ni kwamba ukimlipa mtu akupeleke, umemlipa pia akuchagulie cha kutazama. Na hawa wanatuchagulia kasri na maduka.

Chukua S1. Ni laini moja ya treni ya jiji, inatoka Wannsee kusini magharibi, inapita Potsdamer Platz, Lango la Brandenburg na Friedrichstraße, inaishia Oranienburg kaskazini. Upande wa Oranienburg inakuja kila dakika ishirini. Ukishuka mwisho wa laini, unatembea kama dakika ishirini hivi, ama unasubiri basi 804, na uko Sachsenhausen, kambi ya mateso ya Wanazi. Ilifunguliwa 1936, na hadi 1945 watu zaidi ya laki mbili walifungwa hapo. Kuingia ni bure.

Humo alifia mwalimu wa Kiswahili.

Jina lake Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, jina la nyumbani Mahjub bin Adam Mohamed, mtoto wa askari wa jeshi la Wajerumani, naye akaingizwa kwenye Vita vya Kwanza akiwa bado mtoto. Mwaka 1929 alifika Berlin na jambo moja mkononi: mshahara wa uaskari ambao hakulipwa, wake na wa babake. Wizara ya mambo ya nje ikamwambia amechelewa. Akabaki. Alikuwa mhudumu wa meza katika Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe pale Potsdamer Platz. Alifundisha Kiswahili chuo kikuu. Aliigiza filamu, ikiwemo ile ya 1941 ya kumsifu Carl Peters, mkoloni yule aliyejipatia Tanganyika kwa mikataba ya ujanja na akapita hadi huku kwetu Mto Tana akitafuta zaidi. Mwaka huo huo wa 1941 walimkamata, kisa uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, wakampeleka Sachsenhausen. Akafa huko tarehe 24 Novemba 1944.

Tazama hiyo laini tena. Mahali alipobeba sahani ni stesheni ya S1. Kambi iliyomuua ni mwisho wa S1. Na upande ule mwingine, Wannsee, ukishuka unachukua basi 114 hadi nyumba moja nzuri kando ya ziwa, ambapo tarehe 20 Januari 1942 wakubwa wa serikali walikaa kupanga namna ya kuwaua Wayahudi wote wa Ulaya. Hiyo pia ni makumbusho, kuingia bure. Siku moja, tiketi moja, laini moja. Mtu anayeongea Kiswahili akifika Berlin asiambiwe kuhusu Husen, lakini aambiwe viatu vimepungua bei wapi? Mimi nililipata jina lake kwa kusoma tu usiku, simu mkononi, bila kumlipa mtu. Nilienda Oranienburg na andazi langu kwenye mfuko, Jumanne, hakukuwa na watu wengi. Sitaki kuelezea nilivyojisikia, nendeni.

Ukimaliza Wannsee na moyo umekuwa mzito, hapo hapo karibu na stesheni kuna feri, F10, inavuka ziwa hadi Kladow kwa dakika ishirini. Si feri ya watalii, ni ya usafiri wa umma, tiketi ya AB inatosha. Watu wanapanda na baiskeli na mifuko ya sokoni. Likoni bila msukumano.

Kuna hoja moja ya wauza safari ambayo siwezi kuicheka. Wanasema: mtu mweusi asitoke Berlin peke yake, huko nje Brandenburg kuna ubaguzi. Hofu hii haikuanzia kwao. Mwaka 2006, kabla ya Kombe la Dunia, Uwe-Karsten Heye, aliyekuwa msemaji wa serikali ya Ujerumani, alisema hadharani kwamba kuna miji midogo Brandenburg ambako hangemshauri mtu mwenye ngozi tofauti aende. Zikazuka kelele nchi nzima. Kwa hivyo sitamwambia mtu "hakuna kitu." Nilichofanya mimi: nilienda mchana, nikarudi kabla ya giza, nikabeba pasipoti, na siku ya kwenda mbali nilienda na dadangu na wenzake wawili. Nilikodolewa macho mara mbili tatu. Lakini angalia vile hofu hiyo inavyotumika. Inatajwa mpaka pale unapolipa, halafu inapotea. Hakuna kitu kwenye gari lao kinachozuia ubaguzi, ukishuka Potsdam uko barabarani kama mimi. Na Potsdam yenyewe ni mji wa chuo na watalii, si kijiji kimoja gizani.

Tena hofu hiyo ndiyo imewafungia ndugu zetu wanaoishi kule. Wanafanya kazi, wanalipa kodi, wanalipia tiketi, halafu nchi inayoanzia mwisho wa reli wanaiachia wengine.

Kwa safari ya mbali kidogo, nje ya eneo C, kama Spreewald, kuna Brandenburg-Berlin-Ticket. Bei moja kwa hadi watu watano, treni za mkoa tu. Siku za kazi inaanza saa tatu asubuhi, wikendi hata usiku wa manane ukitaka. Mkiwa watano, gawanyeni wenyewe mwone gari la kukodi linavyochekesha. Lübbenau ni kama saa moja hivi. Ni mji wa mifereji, mitumbwi na matango ya siki, na vibao vina lugha mbili, Kijerumani na Kisorbi, lugha ya watu wachache waliokuwa hapo kabla ya Wajerumani na hawajakubali kuiacha. Katika kijiji cha Lehde karibu na hapo, majira ya joto barua hufikishwa kwa mtumbwi. Dadangu alikaa kwenye boti, viatu amevua, akampigia mamangu video saa nzima. Mama aliuliza swali moja tu: hiyo yote mmelipa pesa ngapi? Hakuamini jibu.

Kupanga ni kazi ya dakika tano usiku wa kuamkia safari. Fungua programu ya DB Navigator, andika unakotoka na unakoenda, chagua treni za mkoa pekee. Tazama treni ya mwisho ya kurudi. Tazama kama kuna ukarabati wa reli, maana wikendi hukata laini na kuweka mabasi, na hapo hata Wajerumani wenyewe hulalamika. Jumapili maduka mengi hufungwa, kwa hivyo nunua maji na mkate Jumamosi. Basi. Ningekuuzia hayo elfu mbili na mia tano, ona vile nimekosa akili ya biashara.

Nakubali kuna mtu anahitaji kiongozi. Shosho wa miaka themanini mwenye magoti mabaya, mpe gari na umpe heshima yake. Mtu anayejua historia ya Husen vizuri akakutembeza kutoka Potsdamer Platz hadi Oranienburg, huyo mlipe, mimi ningemlipa. Siwapigi vita viongozi wanaojua kitu. Napigana na dereva anayekushusha getini, anakuambia "dakika arobaini," na anarudi kwenye gari kuvuta sigara.

Mwenye ile PDF aliniandikia nilipoweka video ya kwanza. Hakubisha bei, hakubisha tiketi, hakubisha hata basi 695. Aliuliza, sasa yeye nataka ale nini? Nikamjibu, auze kitu ambacho S1 haifanyi.