TAJI NA MLANGO

Wako watu ambao wakimwona Mfalme wa Uingereza anafungua Bunge, na taji kichwani na gari la farasi, husema: huyo ndiye mwenye nchi. Sisi tunasema wametazama taji, hawakutazama mlango.

Mfalme huisoma hotuba yake katika Nyumba ya Malodi, kwa sababu Bunge la Makabwela haingii. Januari 1642 Charles I aliingia humo na askari awakamate Wabunge watano, asiwapate. Tangu hapo mjumbe wa Mfalme, aitwaye Black Rod, akija kuwaita Wabunge hufungiwa mlango usoni, mpaka agonge mara tatu.

Na hotuba yenyewe? Mfalme ni msomaji tu. Waandishi ni Mawaziri. Tarehe 7 Novemba 2023 Charles III alisoma mipango ya Serikali ya chama cha Conservative. Tarehe 17 Julai 2024, baada ya uchaguzi, kinywa kile kile kikasoma mipango ya Labour. Taji halikubadilika, kura ndizo zilizobadili maneno. Kisha Wabunge huijadili kwa siku kadhaa na kuipigia kura. Januari 1924 Serikali ya Baldwin ilishindwa katika kura hiyo ikaanguka, na Labour wakashika Serikali kwa mara ya kwanza.

Sisi twalijua taji hilo. Tanganyika ilipata Uhuru 9 Desemba 1961, lakini Elizabeth II akabaki Malkia wetu mwaka mzima, mpaka Jamhuri, 9 Desemba 1962. Hatulililii. Tuliwarudishia wenyewe mali yao, na tulifanya vyema.

Lakini, ndugu wananchi, tuliporudisha taji hatukusudii kurudisha na mlango. Katiba yetu, ibara ya 91, inamtaka Rais alihutubie Bunge jipya na kulifungua rasmi. Rais si Mfalme: asemaye ndiye atawalaye. Basi hotuba yake yastahili kupimwa zaidi, si kidogo. Mbunge asidhani kazi yake siku hiyo ni kupiga meza. Aichukue hotuba ile mkononi, aulize: maji wapi, shule lini, kwa fedha ipi?

Makofi hayajengi nchi. Mbunge ametumwa na wananchi, na mlango ni wao. Kila mwenye mamlaka na agonge kwanza.