Mwenye Kuuliza Naye Aulizwe

Ndugu Wanachama,

Khabari ninayotaka kuizungumza leo si bei ya karafuu wala maradhi ya mikarafuu. Ni khabari ya wale mabwana na mabibi wanaotujia mashambani na madaftari, na siku hizi na simu, wakatuuliza: Una mikarafuu mingapi? Wachumaji unawalipaje? Una deni? Wengi wetu huwajibu lolote ili waondoke. Mimi mwenyewe nilipata kumpunguzia mmoja hesabu ya miti yangu kwa kuogopa kodi. Leo naona nilikosa, na jambo hili nilifunzwa mbali na visiwa vyetu, huko Pasiansi, Mwanza.

Nilikwenda kumtazama binti yangu aliyeolewa huko. Pasiansi iko kando ya njia iendayo uwanja wa ndege, si mbali na Ziwa. Jioni tulikaa nje na jirani yake, mzee wa Kisukuma aliyelima pamba tangu ujana wake. Nilipomweleza tunavyowadanganya wenye madaftari, alicheka sana, akasema: "Mwenzangu, hata baba yangu alificha ng'ombe. Alijua wakishahesabiwa, watapunguzwa."

Maneno yale yana kisa chake. Tangu 1947 serikali ya Kiingereza iliendesha mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma. Shabaha yake haikuwa mbaya, kwani ardhi ilikuwa ikichoka na mifugo ilikuwa mingi. Lakini mambo yalikwenda kwa amri: punguzeni ng'ombe, limeni matuta ya kushika maji, tieni samadi, na asiyetii ashitakiwe. Wala serikali haikukosa wajuzi. Bwana Hans Cory, mchunguzi wake wa mila na maisha ya watu, alitoa kitabu cha sheria na desturi za Wasukuma mwaka 1953, na mwaka 1954 akatoa mapendekezo ya kugeuza utawala wao. Elimu ilikuwapo mezani. Kwa maoni yangu ilitumiwa zaidi kutafuta njia ya kuwafanya watu watii kuliko kupima kama amri zenyewe zinafaa. Kwa Msukuma, ng'ombe ni mahari na ni akiba ya mwaka wa njaa. Kumwambia apunguze ng'ombe ni kumwambia apunguze akiba yake.

Mwaka 1958 serikali iliposhikilia kuweka Geita baraza la watu wa rangi mbalimbali, ambalo wananchi hawakulitaka, hasira za baraza na za amri za kilimo zikakutana, watu wakaandamana hadi Mwanza. Mwishowe baraza lile likaachwa, na amri za kilimo na mifugo nazo zikalegezwa. Ilikuwa kazi ya miaka zaidi ya kumi.

Atatokea mwanachama aseme: "Basi si ndiyo maana tunaficha?" Namjibu kuwa kuficha nako kuna hasara. Mwaka huo huo 1958 Bwana John Middleton alikuwako kwetu akichunguza haki za ardhi, na ripoti yake ilipigwa chapa 1961. Aliandika jambo ambalo wazee wetu wanalijua lakini mgeni hawezi kulidhania: kwamba mti waweza kuwa wa huyu, na ardhi uliposimama ikawa ya yule. Lau wazee walioulizwa wangalimdanganya, kingeandikwa nini? Na sheria ikitungwa juu ya uwongo ule, mwenye kupoteza si mchunguzi, ni yatima aliyeachiwa mikarafuu mitano na marehemu baba yake.

Tusiwaonee wenye ofisi. Mtunga sheria hutaka jibu mwezi huu, na mchunguzi hutaka miaka miwili. Mmoja ana haraka na mwengine ana hadhari, na kati yao yuko mkulima ambaye jibu analo tangu asubuhi, ila hakuna aliyemrudia kumwuliza kama walilolifahamu ndilo alilolisema. Hapo ndipo kasoro khasa ilipo.

Kwa hiyo natoa shauri. Kila tawi la chama liwe na daftari lake. Mchunguzi akija, aandikwe jina lake, aliyemtuma, na jambo analolitaka. Aahidi siku ya kurudi kutusomea kwa Kiswahili aliyoyaona kabla hayajafika mezani kwa wakubwa, nasi tuseme pale alipokosea. Nasi kwa upande wetu tuahidi kumwambia kweli, miti yetu kwa hesabu yake na madeni yetu kwa kiasi chake. Na Serikali ikitaka kutoa sheria mpya ya karafuu, chama kiulize kwa adabu: mmefuata uchunguzi gani, na upi mmeuacha, na kwa sababu gani?

Hilo si jambo la kuogopa. Mwenye shamba humwuliza mchumaji amechuma pishi ngapi, na mchumaji naye humwuliza mwenye shamba atalipwa kiasi gani. Wote wawili hujibiwa, na kazi ikaendelea.

Nikijaaliwa kurudi, mimi nitakuwa wa kwanza kuisahihisha hesabu yangu ya miti.

Wassalaam,
Mwanachama mwenzenu