Tairi la Boda Nani Analilipa?

Kampeni za serikali ya wanafunzi zinaanza wiki mbili zijazo, na kwenye magrupu ya WhatsApp tayari wapambe wanaulizana bei ya boda. Si boda ya kumpeleka mtu stendi. Ni boda ya kuchoma tairi: mgombea akishuka pale kantini, pikipiki tatu nne zijizungushe mbele yake, moshi utoke, watu wapige mayowe, video iende stetasi. Mwaka jana bei ilikuwa mafuta ya elfu tano na soda. Nasikia mwaka huu imepanda hadi elfu kumi.

Niseme mapema ili nisieleweke vibaya. Mimi si wale wanaosikia mlio wa pikipiki na kuanza kusema uhuni, uhuni. Kuchoma tairi nakujua. Nimejifunza mwenyewe kwa miezi mitano na kovu lipo kwenye kiwiko, anayetaka kuona nitamwonyesha. Ninachokipinga ni namna sisi wanachuo tunavyoununua huu mchezo, kwa bei ambayo haitoshi hata kulipia mpira unaobaki kwenye lami.

Nilianza nikiwa mwaka wa pili. Kijiweni nje ya geti kuna braza mmoja ambaye Jumapili mchana, abiria wakiwa wachache, alikuwa anaenda kwenye kipande cha lami kilichoachwa na wakandarasi wa barabara, anazungusha pikipiki peke yake kama mtu anayefanya mazoezi ya kwaya. Nilimfuata nikamwomba anifundishe. Akacheka. "Msomi, ukivunjika mguu mama yako nitamwambia nini?" Wiki ya tatu ya kumsumbua akakubali, kwa sharti moja: hakuna ndala, hakuna bukta, na kofia haivuliwi hata kama jua linawaka.

Siku ya kwanza sikuchoma chochote. Saa nzima na nusu nilikuwa nasukuma pikipiki imezimwa, nabana breki ya mbele, naachia, nabana tena. Mtaani wengi tumekuzwa tukiambiwa breki ya mbele ni ya kifo, itakubinua, wewe kanyaga ya nyuma tu. Kumbe ukifunga breki uzito wote unakimbilia mbele, na gurudumu la mbele ndilo linalofanya kazi kubwa ya kusimamisha pikipiki. Nilijifunza hilo kwenye mchezo unaoitwa wa wahuni, na tangu hapo nikipanda boda yoyote natazama kwanza kama waya wa breki ya mbele upo. Jaribu na wewe, utashangaa.

Kazi yenyewe iko hivi. Unaweka gia ya kwanza, klachi umeibana, breki ya mbele umeibana kisawasawa. Mwili unausogeza mbele mpaka karibu ukalie tangi, ili nyuma kuwe kwepesi. Unavuta mafuta injini ipige kelele, halafu unaachia klachi kwa ghafla. Hapo ama injini inazima, ama tairi la nyuma linashindwa kushika lami na kuanza kuzunguka palepale. Yangu ilizima mara nyingi mno. Boxer ya cc 150 ina nguvu farasi kama 12 tu, si zile pikipiki kubwa unazoziona kwenye video za Ulaya, kwa hiyo tulikuwa tunamwagia lami maji kwanza. Wale wa sayansi mnakumbuka habari za msuguano: kitu kikishaanza kuteleza, msuguano wake unakuwa mdogo kuliko kilipokuwa kimetulia. Ndiyo maana shida yote iko kwenye kuanza. Likishateleza, linaendelea.

Na tairi linaloteleza hivyo halina tena nguvu ya kukataa kwenda ubavuni. Ukiinamisha pikipiki kidogo na kuweka mguu wa ndani chini, nyuma inaanza kuhama, gurudumu la mbele linabaki palepale kama ncha ya bikari, na wewe unachorwa duara. Kwa maneno ni rahisi. Sasa kumbuka kwamba breki ya mbele na mafuta viko mkono mmoja, wa kulia. Vidole viwili vinabana breki kwa nguvu zote, na wakati huohuo vilivyobaki pamoja na kiganja vinavuta mafuta taratibu. Ukishtuka, mwili unataka kuachia kila kitu. Ukiachia breki, pikipiki inaruka mbele. Ukikata mafuta ghafla huku imelala, tairi linashika lami na pikipiki inajinyoosha yenyewe na kukurusha upande wa pili. Kiwiko changu kilipatikana hivyo.

Mwezi wa tatu nilimaliza duara langu la kwanza. Hakuna aliyeona isipokuwa braza na mbuzi wawili. Ile furaha, jamani, sijaipata kwenye mtihani wowote, hata ule wa takwimu niliodhani nimefeli.

Sasa tuje kwenye hela, maana hapa ndipo wapambe wanapojifanya hawajui. Pikipiki ya braza wakati huo haikuwa yake, ilikuwa ya mkataba. Kila siku anapeleka hesabu ya elfu kumi kwa bosi, iwe mvua iwe jua, mpaka miezi ya mkataba iishe ndipo ikabidhiwe kwake. Matengenezo ni juu yake. Kwa mazoezi yetu ya miezi mitano nilinunua matairi mawili ya nyuma kwa hela ya bumu, kila moja elfu hamsini na tano, na pleti za klachi zilizoungua tukachangia. Na kuna kitu ambacho mtazamaji hakioni. Injini hizi zinapozwa na upepo wa mwendo. Ukisimama mahali pamoja ukiipigia resi dakika nne, upepo wa kuipoza unatoka wapi? Inaungulia ndani kwa ndani, na gharama inakuja baada ya wiki mbili, mgombea akiwa ameshaapishwa.

Nilimuuliza mbona anakubali elfu tano. Akanijibu, "Msomi, wateja wangu ni nyinyi. Nikikataa leo, kesho nani atapanda kwangu?" Hayo ndiyo makubaliano yetu. Yeye hawezi kusema hapana, na sisi tunauita urafiki.

Mwaka jana, siku ya kufunga kampeni, mimi ndiye niliyemtafutia ile kazi. Wapambe walikuja kwangu kwa sababu walijua namfahamu. Nikampigia, akaja. Pale mbele ya kantini pana tofali za sakafu, sehemu moja imelowa kwa maji ya kuoshea vyombo, sehemu nyingine kavu kabisa. Duara la watu lilianza pana, halafu kila mtu akataka video nzuri, likawa linabana, linabana, mpaka ukiwa ndani ungeweza kumshika mkono aliye mbele. Mimi nilikuwa narekodi. Niliona tairi linaelekea kwenye tofali kavu. Nilijua kitakachotokea kuliko mtu yeyote pale, na sikupiga kelele, kwa sababu sikutaka kuiharibu video yangu.

Tairi likashika. Pikipiki ikaruka kama mita tatu, ikampiga binti wa mwaka wa kwanza kwenye ugoko, braza akaanguka juu ya injini ya moto. Binti alishonwa nyuzi sita. Braza alikaa siku tatu bila kuendesha, na hesabu ya siku tatu ni elfu thelathini. Mgombea alikuwa ameshaingia ukumbini kuhutubia. Meneja wa kampeni nilimpigia jioni hiyo mara nne, na mara ya tano simu ikawa imezimwa. Wale thelathini elfu nilitoa nusu, na siandiki hivyo ili nisifiwe. Nilipaswa kutoa zote.

Kilichofuata mnakijua: tangazo ubaoni, sarakasi za pikipiki marufuku eneo la chuo. Wengi walishangilia. Lakini mliona matokeo? Mwezi uleule, sherehe za mahafali zilipofika, boda zilichoma tairi nje ya geti, kwenye barabara ya daladala, gizani. Huko ndani ya chuo walau kulikuwa na zahanati. Marufuku iliuhamisha mchezo kutoka mahali pabaya kwenda mahali pabaya zaidi, na Sheria ya Usalama Barabarani, ambayo ipo tangu 1973, itamkamata dereva wa boda. Haitamkamata mpambe aliyemwita.

Kuna watu wameshapita njia hii. Afrika Kusini wana mchezo wao wa kuzungusha magari ambao ulianzia mitaa ya Soweto, ukahusishwa na mazishi ya majambazi, na kwa miaka mingi ukaonekana ni uhalifu tu. Leo unafanyika viwanjani, watu wanalipa kiingilio, na mwaka 2014 chama cha michezo ya magari cha nchi hiyo kiliutambua rasmi. Mmoja wa nyota wake, Stacey-Lee May, alikuwa akizungusha BMW huku akisomea sheria chuo kikuu. Mwanachuo mwenzetu kabisa. Hawakuacha kuchoma matairi. Waliweka uzio, na aliyekuja kutazama akawa mtu anayelipa.

Sidai tujenge uwanja. Tuna maegesho ya lami nyuma ya ukumbi mkubwa, Jumamosi hayana gari hata moja. Kamati ya uchaguzi inaweza kuandika kwenye kanuni zake kwamba mgombea anayetaka boda za maonyesho afanyie pale, kwa siku iliyopangwa, watazamaji wakae nyuma ya kamba, mbali, na pikipiki ziingie moja moja badala ya nne kwa pamoja. Dereva avae kofia, glavu, suruali nzito na viatu vya kufunika kifundo. Na malipo yawekwe kwa kamati kabla: tairi, mafuta, na hesabu ya siku nzima, kisha ndiyo posho yake. Kama kampeni inashindwa bei hiyo, basi haina uwezo wa kuchoma tairi, ichome maneno jukwaani. Mpambe mmoja nilimweleza hivi akaniambia nataka kuua amsha amsha. Nilimuuliza yule binti anaendeleaje. Hakujua ninamzungumzia nani.

Halafu wapo wanaonifuata wakitaka niwafundishe. Nafundisha, sina uchoyo, lakini nafundisha kama nilivyofundishwa. Wiki ya kwanza ni breki ya mbele na pikipiki iliyozimwa, na wengi hawarudi wiki ya pili. Na njoo na tairi lako.

Braza alimaliza mkataba Julai, sasa pikipiki ni yake, ameipaka rangi upya. Juzi alinipigia. Wapambe wa kambi mbili tofauti wameshamtafuta, na wote wametaja elfu kumi. Akaniuliza awajibu nini. Nikamwambia awatajie bei ya tairi kwanza, halafu asubiri waseme.

Mpaka naandika hapa, hakuna aliyempigia tena.