Mgeni asiyepiga hodi



Katika ukurasa huu tumezoea kuongea nanyi juu ya malaria, maji ya kunywa, chanjo za watoto na lishe ya mama mjamzito. Mwezi huu tunaomba tuongee juu ya simu. Msishangae. Simu imekwisha kuwa duka la dawa, na mwenye duka hatumjui.

Hapa kwetu Umwe, na vilevile Ikwiriri, Kibiti, Bungu hata Nyamisati, karibu kila jambo ambalo watu hulipenda lina kundi lake la WhatsApp. Wanakwaya hutumiana nota na sauti za nyimbo mpya. Washabiki wa Simba na wa Yanga wana makundi yao, ambako hakuna anayelala. Wafugaji wa kuku huulizana juu ya kideri, na kina mama wasukaji wa mikeka huonyeshana rangi za ukindu. Mambo haya ni mema. Mjane aliyezoea kukaa peke yake jioni sasa anacheka na wenzake wa sauti ya pili, na hiyo nayo ni afya. Hatuna neno na makundi haya. Neno letu ni juu ya mgeni anayeingia humo bila kupiga hodi.

Huingiaje? Njia ni nyingi. Pengine kiungo cha kujiunga kilitupwa mahali pa wazi, naye akakibonyeza. Pengine mwanakwaya aliacha kutumia namba yake ya zamani, na baada ya muda kampuni ikampa mtu mwingine namba ile, lakini katika kundi imebaki. Mgeni huyu hukaa kimya siku mbili tatu akisoma majina. Kisha siku moja alfajiri ujumbe unatokea: "Bwana asifiwe wapendwa. Je, unasumbuliwa na presha, kisukari, vidonda vya tumbo, bawasiri au uzazi? Dawa ipo, siku 14 unapona kabisa. Tunatuma mikoa yote." (Hapo tu wanakwaya wetu wangepaswa kushtuka, maana katika kwaya yetu watu husalimiana kwa Tumsifu Yesu Kristo. Lakini matapeli nao wanajifunza, na wengine sasa wanaitikia "Milele, amina" vizuri kuliko sisi.)

Ujumbe huu wa mbele ya watu wote hauna madhara makubwa sana. Wengi huuruka. Wenye hatari ni ule wa pili, unaokuja faraghani: "Shikamoo mama, mimi tuko wote kundi la kwaya. Nimesikia unasumbuliwa na miguu." Kwa sentensi hiyo moja yule asiyejulikana amekuwa mwenzetu. Mama hatazami tena namba ngeni, anamwona mwanakwaya. Anampa imani aliyoijenga na wenzake kwa miaka mingi ya mazoezi, misiba na harusi. Tapeli hakuijenga imani hiyo. Ameikuta tayari, akaichuma kama mtu anayechuma embe katika shamba la mwingine.

Tuchukue mfano wa mama wa namna hiyo mwenye presha, anayemeza vidonge vyake kila siku. Anatuma fedha, na mzigo unakuja kwa basi hadi stendi ya Ikwiriri: kopo la unga wa kahawia, halina jina la mtengenezaji wala tarehe ya mwisho wa kutumika. Anaambiwa aache vidonge vya hospitali "ili dawa zisigombane". Siku kumi za kwanza anajisikia vizuri kabisa, naye anatangaza katika kundi kwamba dawa ni nzuri. Ndugu wasomaji, tuelewe sababu yake. Presha kwa kawaida haiumi. Mtu anaweza kuwa na presha ya juu sana huku akilima, akipika na kuimba. Kujisikia vizuri hakupimi chochote. Kinachopima ni mashine ya presha. Huku ndani mishipa inaumia, figo zinachoka, na siku moja mkono mmoja unakataa kunyanyuka. Watu husema amerogwa. Kumbe ni kiharusi.

Kwa mwenye kisukari anayejidunga insulini mambo huenda haraka zaidi. Akiacha kabisa, siku chache tu zinaweza kutosha kumpeleka katika kupoteza fahamu.

Kuna na jambo la kilichomo ndani ya kopo. Mamlaka za dawa katika nchi mbalimbali zimepima unga na vidonge vinavyouzwa kama "mitishamba ya nguvu za kiume", zikakuta ndani yake sildenafili, kemikali ile ile ya Viagra. Baba mwenye ugonjwa wa moyo anayetumia dawa za aina ya nitrati akiimeza bila kujua, presha yake inaweza kushuka ghafla na akafa. Katika unga wa maumivu ya viungo mara nyingi imekutwa deksamethasoni au dawa nyingine za jamii yake. Hizo kweli hutuliza maumivu upesi, lakini zikiendelea hupandisha sukari na presha, huvimbisha uso na kudhoofisha mifupa. Basi yule anayesema "mimi ilinisaidia" huenda hasemi uongo. Ilimsaidia goti, ikamharibia mengine.

Tusieleweke vibaya. Hatupigi vita dawa za miti shamba. Wazee wa Rufiji wanaijua miti yao, na nchi yetu ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, yenye baraza la kusajili waganga na dawa zao. Mganga wa kijiji ana nyumba, ana mlango. Mgonjwa akizidiwa, ndugu wanajua pa kwenda kuuliza. Hata mwaka 2011, maelfu walipomiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Masapila kwa shilingi 500, angalau walimwona mtu mwenyewe amekaa kijijini kwake. Na bado yalitokea madhara, kwa kuwa wako wagonjwa walioacha dawa zao za hospitali wakidhani wamepona, wakiwemo waliokuwa wakitumia ARV. Kama hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mtu aliyeonekana, tutegemee nini kwa namba ya simu ambayo kesho haipatikani?

Wapo wanaosema waliodanganywa ni wajinga. Sisi hatukubali. Mgonjwa wa visiwani kwenye delta hupanda mtumbwi au boti kwa saa nyingi akifuata maji kujaa na kupwa, kisha atafute bodaboda hadi Kibiti, na pengine akifika aambiwe dawa zimekwisha, arudi wiki ijayo. Nauli ya safari mbili inazidi bei ya lile kopo. Baada ya mafuriko ya Aprili 2024 yaliyozamisha mashamba Rufiji na Kibiti, familia nyingi zilibaki hazina hata nauli ya safari moja. Anayeahidi kutuma dawa mpaka mlangoni anajibu shida iliyo ya kweli. Uongo wake umekaa pale ambapo huduma haijafika, na hilo viongozi wetu walisikie pia.

Matapeli wa fedha tutawapitia upesi, maana wengi mnawafahamu. Yule wa "ile hela itume kwenye namba hii" mnamjua. Yule anayejifanya mwalimu akisema mtoto ameanguka shuleni na anahitaji kutibiwa sasa hivi ni mkatili kuliko wote. Dawa yake ni kukata simu na kumpigia mwalimu mwenyewe kwa namba mnayoijua, kwa hiyo kila mzazi awe nayo. Katika makundi ya mpira yupo anayewauzia vijana "mkeka wa uhakika" wa mechi ambazo eti matokeo yake yamekwisha pangwa. Sisi Warufiji mkeka wa uhakika tunaoujua ni wa ukindu. Mtu anayejua matokeo ya mechi kabla haijachezwa angeweka fedha zake mwenyewe, asingehitaji shilingi elfu kumi za kijana wa Umwe. Na yeyote anayeomba ile namba ya tarakimu sita iliyokuja katika simu yako, hata kama jina ni la mwenyekiti wa kwaya, anataka kuiteka WhatsApp yako ili kesho aombe fedha kwa jina lako.

Wengine watauliza: si laini zote zimesajiliwa kwa alama za vidole tangu mwaka 2019? Ni kweli. Lakini wako waliowekesha vidole mara mbili kwa wakala wa barabarani, "ya kwanza haikusoma, mama", na laini ya pili ikaenda isikojulikana. Bonyezeni *106# mwone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chenu. Na ujumbe wa kitapeli utumwe kwenda 15040, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ili laini ile ifungiwe.

Lakini hapa ndipo hasa tulipotaka kufika. Namba za serikali zipo, sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2015 ipo, na bado tunaibiwa na kuugua, kwa sababu ya kicheko chetu. Mtu akitapeliwa katika kundi tunafanyaje? Tunamrushia vikatuni. Jina lake linakuwa mfano mazoezini mwaka mzima. Basi wa pili akitapeliwa ananyamaza, na wa tatu na wa nne vilevile, na mgeni yule anaendelea kula meza moja nasi. Lililo baya zaidi, anayekunywa ule unga hamwambii hata muuguzi. Anaulizwa kliniki, "Unameza vidonge?" Anajibu ndiyo. Muuguzi anaona presha imepanda, anadhani dawa hazitoshi, anaongeza. Mgonjwa anatibiwa kwa habari isiyo ya kweli kwa sababu aliogopa kuchekwa na sauti ya kwanza.

Kwa maoni yetu, kila kundi liwe na mlinzi wa mlango, mtu mmoja au wawili, wasio na haya. Namba isiyo na mwenyewe anayejulikana na mwanachama hai itolewe, bila mjadala na bila kumwuliza sababu. Wasimjibu tapeli hata kwa kumtukana, maana anayejibu ameonyesha kwamba namba yake inasomwa. Asiyetaka kuingizwa katika makundi na watu asiowajua amwombe kijana wake amrekebishie sehemu ya faragha katika WhatsApp. Ni kazi ya dakika mbili. Na yeyote akisema "jamani, mimi nimetuma fedha", asubiriwe amalize, ashukuriwe, na siku hiyo vikatuni vilale.

Kwa wale ambao kopo liko nyumbani sasa hivi na vidonge vya hospitali vimeachwa: msingoje tarehe ya kliniki. Nendeni zahanati wiki hii, mchukue kopo lenyewe na kadi, mseme mmetumia siku ngapi na vijiko vingapi. Msimeze vidonge viwili viwili kufidia siku zilizopita. Anayewahudumia atasema muanzie wapi. Na endapo mdomo umekwenda upande, mkono umelegea au maneno hayatoki sawasawa, ni safari ya saa hiyo hiyo, iwe usiku au mchana. Walio visiwani wamwambie mwenye boti tangu mwanzo kwamba amebeba mgonjwa wa kiharusi, ili asisimame njiani kupakia abiria wengine.